Dole Gumba la Mbega

Nchi hii ipo. Jina lake hatulitaji, maana sheria yake inakataza jina hilo kutajwa bila kibali, na ofisi ya vibali imefungwa wiki ya tatu sasa kwa kuwa watumishi wote wako kwenye semina ya kuharakisha vibali. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, utulivu na mabango. Kila penye shimo barabarani pana bango la kuwapongeza waliolichimba, na wananchi wakitumbukia husoma wakiwa humo ndani.

Katika nchi hiyo, kwenye mteremko wa Kwembisi, aliishi mjane wa miaka sabini na mbili aliyeitwa Mwalimu Namsifu. Alifundisha baiolojia sekondari miaka thelathini na minne, akastaafu na cheti cha shukrani chenye jina la mtu mwingine. Hakujaliwa mtoto. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya mabati na msitu wa ekari kumi na moja. Msitu huo mzee yule alikataa kuukata enzi ambazo kila mtu alikuwa akikata, akachekwa mpaka anaingia kaburini. Siku hizi waliomcheka huja kwa mjane wake kuomba maji, kwa kuwa chemchemi pekee iliyobaki Kwembisi inatoka humo.

Ndani ya msitu waliishi mbega, wale wanyama weusi wenye manyoya marefu meupe, wakimya, wanaokula majani na kumwachia mtu mahindi yake. Namsifu aliwajua mmoja mmoja. Asubuhi alipotoka na kikombe chake cha chai aliwahesabu, na asipomwona jike fulani chai haikupita kooni. Aliwapenda, na hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu.

Basi daktari akamwambia moyo wake umechoka. Hakulia. Alijiuliza jambo moja tu: nikiondoka, hawa watabaki na nani? Mashemeji walikuwa wameshaanza kupita msituni wakigonga miti kwa viganja, na mmoja alikuja na futi kamba. Akakata shauri aandike wasia, msitu wote uende kwa Chama cha Walinzi wa Mbega. Chama hicho kilikuwa na wanachama saba, baiskeli mbili na katibu mmoja, Mzee Shekiondo, fundi cherehani aliyetumia miaka ishirini ya Jumapili zake akifungua mitego ya waya porini na kuitupa chooni kwake.

Hapo ndipo alipokosea mwanamke wa watu. Alidhani mali ni yake.

*

Wasia katika nchi hiyo hupelekwa Idara ya Wasia, Vifo na Matukio Mengineyo. Namsifu na Shekiondo walifika saa mbili asubuhi, na saa nane mchana wakaingizwa kwa Afisa Wasia Mwandamizi, Bwana Mtengeti. Alikuwa na tai nene, meza pana na mihuri kumi na mitatu iliyopangwa kwa urefu.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Kumbe ni wewe, Mtengeti. Ulikuwa unakaa dirishani, ukilala."

Mtengeti alikohoa, akauvuta wasia, akausoma huku midomo ikicheza. Alipofika katikati akasimamisha kidole.

"Mrithi ni nani hapa?"

"Chama cha Walinzi wa Mbega. Katibu wake ndiye huyu."

"Na chama kinapokea kwa niaba ya nani?"

"Ya mbega. Kinawalinda."

Mtengeti aliweka kalamu chini polepole. "Basi, Mwalimu, huyu mzee ni dalali."

"Mimi ni fundi cherehani," alisema Shekiondo.

"Unasimama kati ya mali na mwenye mali. Huo ni udalali, na Serikali imetangaza vita dhidi ya madalali. Umeona bango pale nje? Mrithi halisi ni mbega. Aje mwenyewe."

Namsifu alimtazama kama alivyokuwa akimtazama miaka ile alipoandika kwamba moyo upo tumboni. "Mtengeti, mbega hajui kusoma wala kuandika."

"Hilo limezingatiwa. Kifungu cha tisa. Asiyejua kusoma na kuandika ataweka dole gumba." Akafungua kikopo cha wino kuonyesha kwamba serikali imejiandaa.

"Mbega hana dole gumba."

"Kila mtu ana dole gumba, Mwalimu."

"Mbega si mtu. Ana vidole vinne, na pale pa dole gumba pana kinundu tu. Nilikufundisha mwenyewe, kidato cha pili. Swali likaja kwenye mtihani, wewe ukaandika anavyo sita."

Shekiondo aliinamisha uso kuficha kicheko. Mtengeti akaona, na kuanzia dakika ile wasia wa Mwalimu Namsifu ukawa na adui mwenye mihuri kumi na mitatu.

"Hayo ni ya darasani," alisema. "Hapa ni ofisini. Fomu ina kisanduku cha dole gumba, na mimi siwezi kukiacha kisanduku wazi kwa sababu mnyama wako ana upungufu. Nalipeleka suala hili wizarani."

*

Wizarani lilipokewa kwa furaha kubwa, kwani tangu bajeti ipite hawakuwa na suala. Waziri mwenye dhamana ya Wanyama na Warithi, Mheshimiwa Lwanzali, aliunda siku hiyohiyo Kamati ya Kitaifa ya Dole Gumba la Mbega, yenye wajumbe thelathini na mmoja. Hakuwemo hata mmoja aliyewahi kumwona mbega, ili kuondoa upendeleo. Walianza kwa ziara ya mafunzo nchi za nje, katika nchi zisizo na mbega, wajifunze zimefanikiwaje.

Waliporudi wakaja Kwembisi. Yalikuja magari ishirini na mawili, gari la matangazo, kikundi cha ngoma na lori la viti. Mahali pa kuegesha hapakuwepo, kwa hiyo mivule tisa ilikatwa asubuhi. Mahali pa kusimamisha hema la mgeni rasmi hapakuwepo pia, ikakatwa mingine sita, na mmoja wa saba uliokuwa ukimpiga mgeni rasmi kivuli upande asioupenda. Namsifu alisimama mlangoni kwake akihesabu visiki kwa hasira, Shekiondo amemshika mkono.

"Mwalimu, moyo," alimnong'oneza.

"Niache. Moyo gani tena."

Waziri alipanda jukwaani. Itifaki ilizingatiwa kwa muda wa saa nzima.

"Ndugu wananchi," alisema, "na ndugu mbega popote mlipo huko juu. Kwa miaka mingi mnyama huyu amesahaulika. Wakoloni walimpita bila dole gumba, na waliotutangulia wakampita bila dole gumba. Sisi hatutampita. Katika awamu hii hakuna kiumbe atakayeachwa nyuma kwa sababu ya kidole."

Makofi yalipigwa. Wajumbe wawili wa Kamati waliingia msituni na kikopo cha wino, wakaita, wakabisha hodi kwenye miti kwa adabu zote. Mbega, waliotishwa na gari la matangazo, walikuwa wamepanda mpaka matawi ya mwisho, majike yamekumbatia watoto. Dume moja lilikojoa. Kamati iliandika kwamba wananchi hao hawakutoa ushirikiano wa kutosha, lakini kwamba mazungumzo ya awali yameanza vizuri. Kisha walikula pilau, wakaondoka, na vumbi lao likachukua nusu saa kutua juu ya visiki.

*

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Ilimpongeza Mwalimu Namsifu kwa uzalendo wake. Ikamjulisha kwamba wasia umekubaliwa, na kwamba kwa mujibu wa Amri ya Urithi Usiosubiri, warithi wameshakabidhiwa msitu.

"Mimi bado sijafa," alimwambia Shekiondo.

Shekiondo alisogeza miwani, akasoma sehemu iliyoeleza jambo hilo. Amri ilitungwa, ilisema barua, baada ya kubainika kuwa warithi wengi huteseka kwa kumsubiri mtu afe, na wengine hutangulia kufa wenyewe kwa kusubiri. Serikali sikivu ikaona mwenye wasia asiwe kikwazo cha wasia.

Zilikuwa zimeambatishwa kurasa kumi na nne. Juu yake kulikuwa na madole gumba mia mbili na kumi na manne, moja kwa kila mbega, meusi, mapana, yaliyokandamizwa barabara. Na chini ya orodha hiyo ilikuwepo hati nyingine yenye madole gumba yaleyale. Humo warithi wote, kwa kauli moja na akili timamu, waliukabidhi msitu kwa kampuni iitwayo Mbega Kwanza kwa miaka tisini na tisa, ili kampuni iwaondolee usumbufu wa miti. Mkurugenzi wa Mbega Kwanza alikuwa shemeji wa Waziri.

Namsifu aliweka ukurasa mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akakaa nao muda mrefu. Miaka thelathini na minne alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto, na alijua kazi ya mkono mmoja anapoiona.

"Shekiondo," alisema, "hiki ni kidole cha mtu mmoja mnene aliyekuwa akila chipsi. Ona mafuta haya."

Siku hiyo alikasirika kuliko siku aliyozikwa mumewe na wale waliomcheka wakaja kula. Mumewe alichukuliwa na Mungu, na kwa Mungu hakuna rufaa. Hawa walikuwa na anwani.

*

Baraza la Rufaa za Wasia lilikaa ukumbini, chini ya picha ya Rais akitabasamu. Mwenyekiti alikuwa mzee aliyesinzia kwa heshima. Waziri alikuja mwenyewe, jambo lililoonyesha uzito wa suala au wepesi wa ratiba yake. Mtengeti alikaa nyuma yake na mafaili.

Namsifu alifungua mkoba, akatoa sanduku dogo la kioo. Ndani yake ulikuwemo mkono wa mbega, mifupa mitupu, iliyounganishwa kwa waya. Aliununulia darasa lake mwaka alioajiriwa, kwa mshahara wake mwenyewe, shule ilipokosa vifaa, na shule ilipomwaga makorokoro yake akaurudisha nyumbani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "hesabu mwenyewe. Moja, mbili, tatu, nne. Kiumbe huyu hana dole gumba. Hakuwahi kuwa nalo. Basi hizi alama mia mbili na kumi na nne ni za nani?"

Mwenyekiti alihesabu, akarudia kuhesabu, akamtazama Waziri kwa huruma. Kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, Namsifu alihisi moyo wake unapiga sawasawa.

Waziri alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Nampongeza Mwalimu kwa utafiti," alisema. "Naomba kumuuliza, mnyama huyu alikufa lini?"

"Ni zaidi ya miaka arobaini."

"Miaka arobaini." Aligeukia ukumbi. "Ndugu zangu, mmesikia. Huyu ni mbega wa awamu zilizopita. Na ni kweli, mbega wa awamu zile hawakuwa na dole gumba. Hawakuwa na kitu. Mwalimu ametuletea ushahidi mzuri wa tulikotoka. Mbega wa leo analo, na atakayebeza hilo anabeza maendeleo."

Makofi yalipigwa hata na walinzi. Namsifu alifunga sanduku lake. Alikuwa amejiandaa kubishana na uongo wa kawaida, ule unaojificha kidogo. Huu ulikuja umevaa koti na kusimama mbele ya watu.

Baraza liliamua mambo matatu. Kwanza, madole gumba ni halali. Pili, kiumbe yeyote atakayeonekana kuanzia leo hana dole gumba atahesabiwa kuwa ni mbega wa zamani, ili kuondoa utata. Tatu, mifupa ya mnyama pori ni nyara ya serikali, na Mwalimu Namsifu amekutwa nayo mkobani mbele ya mashahidi sabini. Akapelekwa mahabusu na sanduku lake, sanduku likapewa chumba cha peke yake.

*

Siku ya nne Mtengeti alimfuata huko akiwa na karatasi moja, na Shekiondo aliyekuwa ameleta uji akaruhusiwa kubaki kama shahidi.

"Mwalimu, mambo yamekuwa mepesi," alisema Mtengeti. "Mashine za kukatia zimeshafika Kwembisi. Ila wanunuzi wa mbao wa ng'ambo ni watu wa taratibu, wanataka na alama yako wewe, kwamba umeridhika. Weka hapa, urudi nyumbani leo."

"Nipe kalamu niandike ninavyojisikia."

"Mtuhumiwa haruhusiwi kalamu. Dole gumba tu." Akafungua kikopo.

Namsifu aliutazama wino. Aliwafikiria wale majike waliokumbatia watoto, na mumewe aliyechekwa, na akasikia chuki safi ikimpanda kifuani, isiyo na woga hata kidogo. Alinyoosha mkono wa kulia juu ya meza. Kidole gumba alikuwa amekikunja ndani ya kiganja, akakibana. Vikabaki vidole vinne.

"Sina," alisema.

"Mwalimu, usilete mchezo."

"Hesabu. Hesabu ulikuwa unaiweza kidogo."

Mtengeti aliushika mkono ule akajaribu kuukunjua. Ulikuwa mkono mkavu, ulioshika chaki miaka thelathini na minne na jembe miaka sitini, na haukufunguka. Alimwita askari wa zamu. Askari alivuta, akaogopa mfupa usivunjike zamu yake, akakumbuka ana kazi nje.

"Sawa," alisema Mtengeti, jasho limemtoka, na tabasamu la mtu aliyelipata jibu likamjia usoni. "Sawa kabisa. Asiye na dole gumba ni mbega wa zamani. Uamuzi wa Baraza. Na mbega walishatia alama zao wote, Mwalimu. Sikuhitaji tena." Akaandika kwenye fomu kwa mwandiko mzuri: *Mhusika hana dole gumba. Mhusika ni mbega.* Akagonga mihuri yote kumi na mitatu.

Kwa kuwa nchi ile haina sheria ya kumweka mbega mahabusu, ilibidi aachiwe saa ileile. Walipofika nje Shekiondo alisimama ghafla.

"Mwalimu, madole yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Na hati inasema warithi wote kwa kauli moja."

"Ndiyo."

"Sasa wewe ni wa mia mbili na kumi na tano. Na hujaridhia."

Namsifu alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake walikwenda na ile fomu kwa wakala wa wanunuzi wa ng'ambo, mtu wa taratibu kwelikweli, akaisoma mihuri yote kumi na mitatu na kusimamisha mashine. Mashine zilikaa wiki tatu pale mteremkoni zikinyeshewa, na mbega wakaanza kushuka tena matawi ya chini. Asubuhi Namsifu alikunywa chai yake yote.

*

Wiki ya nne Mtengeti alipanda Kwembisi. Hakuja na magari. Alisimama uani, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakumtazama mwalimu wake machoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja na ipi leo?"

Alimpa karatasi. Ilikuwa na nembo ya wizara na sahihi ya Waziri, na Namsifu aliisoma kwa sauti ili Shekiondo, aliyekuwa akitokea nyuma ya nyumba na kikapu cha mitego aliyoifungua, asikie. Kwa kuwa mbega namba mia mbili na kumi na tano amekuwa akizuia maendeleo ya mbega wenzake, ametangazwa kuwa mnyama mharibifu. Kibali cha uwindaji kimetolewa. Idadi, mmoja. Jinsia, jike. Umri, mzee. Muda, siku ishirini na moja. Mwindaji alikuwa mgeni kutoka nje, ameshapokewa uwanja wa ndege kwa ngoma.

Shekiondo aliweka kikapu chini. Juu ya miti jike moja lilimpokonya mtoto tawi.

"Mimi natekeleza tu," alisema Mtengeti.

"Najua. Hata mtihani ulikuwa unatekeleza tu."

Mtengeti alivaa kofia, akaenda hatua tatu, akarudi. Alionekana mtu mwenye jambo la utu linalomsumbua. Alimshauri Mwalimu, siku mwindaji atakapofika, asiingie msituni, ila akae hapa uani mahali pa wazi, avae nguo ya kuonekana vizuri. Mgeni huyo hajawahi kumwona mbega, alieleza, na wizara ina wasiwasi mkubwa asije akakosea akampiga mnyama asiyehusika.